Vema Tatu za Uongo

Dorcelle alikuwa na desturi ya kuingia dukani bila kusalimu. Kila mchana alitoka shuleni, akapita barabara mbili za mtaa wa Makomeno huku akiruka madimbwi ya mvua, akasukuma mlango wa duka la mama yake, akatupa mkoba chini ya meza na kwenda moja kwa moja kwenye sahani ya bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, aliyowekewa. Wateja waliokaa kwenye benchi aliwapita kana kwamba hawapo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la nane, wa kwanza katika hesabu tangu darasa la tano, na hakuna aliyekaa naye dakika kumi bila kuambiwa hivyo.

Nasema wazi: mtoto mjinga simdharau, maana akifundishwa hufundishika. Lakini mtoto mwenye akili anayedhani kwamba akili yake inamwondolea wajibu wa kufanya kazi ndogo, huyo hunichefua. Hadithi hii ni ya mtoto wa namna hiyo.

Duka la mama yake, Mama Émerance, lilikuwa la uchapaji na picha. Wanafunzi walikuja kuchapiwa kazi zao za mwisho wa masomo, maharusi walikuja kutengenezewa kadi za mwaliko, na wengine walikuja kupigwa picha ndogo za vitambulisho. Mbele kulikuwa na kompyuta nne. Nyaya zilitoka katika hizo nne zikaenda mpaka kwenye kompyuta moja kubwa iliyokaa chumba cha nyuma, na kazi zote za duka zilitunzwa humo. Watu waliiita serveur. Mama Émerance aliiita tumbo la duka.

Mama huyo alikuwa mzaliwa wa Butembo, katika Kivu ya Kaskazini. Alikuja Lubumbashi akifuatana na malori ya bidhaa, akapapenda, akabaki. Kaka yake, Mumbere, alikuwa na duka kama lake mjini Goma.

Mwishoni mwa Januari vita viliingia Goma. Kwa siku tatu simu ya Mumbere haikuita. Siku ya nne alipiga mwenyewe, akasema yuko hai, amejificha na mke na watoto katika uwanja wa kanisa. Kisha akaeleza habari za duka. Mlango ulivunjwa, na kompyuta zote zilibebwa pamoja na picha za miaka kumi na mitano: harusi, ubatizo, na sura za watu ambao sasa ni marehemu. Wezi walibeba hata kiti chake. Mwishoni alimuuliza dada yake swali moja.

“Weye, kama babeba mashine yako leo, unabakia na nini?”

Kesho yake Mama Émerance alitangaza dukani kwamba anatafuta programu ya kutunza nakala za kazi zote, ile ambayo watu wa mji huiita sauvegarde.

Ukitaka kuwaona wababaishaji wa mji, tangaza kwamba unatafuta programu. Wa kwanza kufika alikuwa Désiré, aliyejiita Ingénieur, yaani mhandisi, ingawa sijakutana na mtu aliyewahi kuona cheti chake. Alikuwa na viatu vilivyochongoka na kadi ya jina yenye herufi za dhahabu. Aliongea saa nzima, na katika saa hiyo alisema neno “solution” mara kumi na mbili. Programu yake ilitoka Ulaya, alisema. Ilikuwa na ngao ya kijani inayozunguka, na kila jioni ililia kengele na kuandika kwamba nakala imekamilika salama. Dorcelle aliitazama ile ngao kwa mdomo wazi.

Wa pili alikuwa jirani yao, Ngosa, kijana aliyebeba programu ndani ya flash, na namba za kuifungulia alikuwa ameziiba mahali fulani. Programu ya wizi ya kujilinda na wezi! Yeye hakuona kichekesho hicho, na Dorcelle pia hakukiona.

Programu ya tatu haikuletwa na mtu wa nje. Aliipata Papa Rigobert, mzee aliyekuwa akiendesha mashine za kuchapa hapo dukani tangu lilipofunguliwa. Papa Rigobert alivaa miwani minene na kuandika kwa vidole viwili, na kwa sababu ya hivyo vidole viwili Dorcelle alimdharau. Programu yake ilikuwa ya bure, haikuwa na ngao wala kengele. Ilikuwa na dirisha la kijivu na kitufe kimoja. Dorcelle alisema inafanana na uji usio na sukari.

Désiré alipomaliza hotuba yake, Papa Rigobert alimuuliza jambo moja tu: programu hii inajua kutunza, je, inajua kurudisha? Akachagua kadi ya harusi iliyokuwa imeshachapwa, akaacha kila programu iitunze, kisha akaifuta kabisa kwenye kompyuta, akasema kila programu iirudishe.

Désiré alianza kutokwa jasho. Alisema kurudisha si kazi ya mteja, ni kazi ya wataalamu walio mbali, mtu huwaandikia barua na kusubiri. Aliposukumwa zaidi alisema mtandao wa leo ni dhaifu. Programu ya Ngosa ilirudisha jina la kadi, lakini walipoifungua ulikuwa ukurasa mweupe. Ile ya kijivu ilichukua dakika saba, na kadi ikarudi na maua yake na jina la bibi harusi bila kasoro.

Mama Émerance alimuuliza mzee alikotoa wazo hilo. Papa Rigobert alitoka katika familia ya kaskazini ya Katanga iliyolelewa na reli, na alijibu kama mtu wa reli.

“Baba yangu alikuwaka chef de gare, mukubwa wa stesheni, kule njia ya Kabalo,” alisema. “Akituma habari ku telefone, ule wa gare ingine anapashwa kuirudilia yote, neno kwa neno. Kama hairudiliwe, treni haitoke. Nakala njo vile. Kama haujairudisha, hauna nakala.”

Basi wakachagua programu ya kijivu. Désiré alifunga mkoba wake akisema kwamba kitu cha bure ni cha watu wa bure. Dorcelle moyoni alimuunga mkono.

Utaratibu uliwekwa siku hiyohiyo. Zilinunuliwa diski mbili za kuchomeka, moja nyekundu na moja ya buluu. Kila jioni programu iliifananisha diski na serveur: kilichomo kwenye serveur kiliingia kwenye diski, na kisichokuwepo tena kilitolewa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi diski zilibadilishana zamu. Moja ilifanya kazi dukani, na nyingine Papa Rigobert aliibeba mpaka kwake mtaa wa Kasungami, akaifungia ndani ya sanduku la nguo, kwa maana mwizi wa Makomeno hawezi kuiba Kasungami pia siku hiyohiyo. Tena, kila Ijumaa mtu mmoja alipaswa kurudisha faili moja kutoka kwenye diski, kulifungua, kulitazama kwa macho, halafu kuandika alama ya vema kwenye daftari. Kazi hiyo alipewa Dorcelle, kwa sababu alikuwa mwepesi.

Wakati huo watu waliokimbia vita walikuwa wameanza kufika Lubumbashi. Wengi hawakuwa na karatasi yoyote, ila picha za karatasi ndani ya simu. Mama Émerance alimfungulia kila mmoja folda yake kwenye serveur, akaweka humo vyeti vyao, bila kutaka chochote kwao.

Mmoja wao alikuwa Mama Germaine, muuguzi wa Goma, aliyekuja na watoto wawili. Walivuka maziwa kwa boti, kisha wakapanda lori lililopita Kilwa ya Katanga na kukaa siku sita kwenye matope. Diploma yake ya uuguzi ilibaki Goma, katika nyumba ambayo sasa haina paa. Katikati ya Februari Mama Émerance alitoa kwenye simu ya Mama Germaine picha ya diploma hiyo na za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wiki moja baadaye simu ikaibwa sokoni. Mama Germaine hakulia. Alisema vitu vyake viko kwa Mama Émerance, na Mama Émerance ana diski mbili.

Februari yote Dorcelle alifanya jaribio la Ijumaa kama alivyoagizwa. Mara nne alirudisha faili, mara nne likafunguka. Akaanza kuona kwamba anapotezewa wakati. Kitu kimefanya kazi mara nne, cha nini kukijaribu mara ya tano? Aliwaambia wenzake shuleni kwamba dukani kwao kuna mzee anayeiogopa kompyuta kama fisi.

Machi ilipoanza, diski nyekundu ikaenda Kasungami na ya buluu ikashika zamu. Wiki hiyohiyo Dorcelle aliamua kupanga upya serveur, kwa sababu folda za wakimbizi zilikuwa nyingi na zilimuudhi macho. Ndani ya mashine kulikuwa na nafasi nyingine mpya, kubwa, isiyo na kitu. Akazihamishia folda zote humo. Pale zilipokuwa mwanzo aliacha vialama vidogo vyenye mshale, ambavyo ukivibofya vinakupeleka kwenye faili lenyewe. Huitwa raccourcis, yaani njia za mkato. Kila kitu kikaonekana nadhifu. Mama yake alimsifu mbele ya wateja, naye akavimba.

Jambo moja hakulifanya: hakuiambia programu kwamba folda zimehama. Programu ya kijivu haikuwa na kiburi, ilifanya kama ilivyoelezwa. Iliendelea kutazama mahali pale pa zamani, ikakuta vialama vyenye mshale, ikavinakili. Na kwa kuwa mafaili hayakuwepo tena hapo, ikayatoa kwenye diski ya buluu. Kialama cha namna hiyo ni kama bango la barabarani lililoandikwa Kilwa. Ukiling'oa bango na kulibeba mpaka nyumbani, hujabeba Kilwa.

Jaribio moja la Ijumaa, dakika saba tu, lingelifichua kosa hilo. Lakini Ijumaa ya kwanza ya Machi mvua ilinyesha na Dorcelle alitaka kuwahi kwa rafiki yake. Akafungua daftari, akaandika vema yenye mkia mzuri, akaenda zake. Hakuna kilichotokea. Ijumaa ya pili hakuwa hata na sababu. Ya tatu aliandika vema akiwa bado anatafuna. Uongo ndivyo ulivyo: wa kwanza hubisha hodi, wa pili huingia, wa tatu hukaa kwenye kiti cha baba.

Jumanne iliyofuata umeme ulikatika tangu asubuhi. Uliporudi, ulirudi kwa nguvu kupita kiasi. Kifaa cha kutuliza umeme kilipiga mluzi, moshi ukatoka chumba cha nyuma, na tumbo la duka likafa. Nafasi ya zamani na nafasi mpya ndani yake ziliungua pamoja.

Mama Émerance alisimama mlangoni akiupunga moshi kwa kanga yake. Hakupiga kelele. Alisema ana diski ya buluu, na ana daftari linaloonyesha kwamba diski imejaribiwa Ijumaa hii iliyopita tu. Akatuma watu watafute mashine nyingine.

Mashine ilifika Alhamisi mchana. Dorcelle aliporudi shuleni, alimkuta Mama Germaine kwenye benchi, amevaa blauzi nyeupe ya kuazima, na binti yake mdogo amelala pajani mwake. Kituo kimoja cha afya kilikuwa kimekubali kumwajiri, lakini kilimtaka alete nakala ya diploma kabla ya Ijumaa saa sita. Akikosa, nafasi anapewa mwingine. Kwa wiki sita yeye na wanawe walikuwa wakilala sebuleni kwa watu, na wenye sebule walikuwa wameanza kuhesabu vijiko vya chumvi.

Mlangoni aliegemea Désiré. Hakuna aliyemwita. Watu wa aina yake hunusa moshi wa mashine kutoka mtaa wa tatu. Alikuwa akichokoa meno kwa njiti ya kiberiti na kuwaambia wateja kwamba leo tutaona kitu cha bure kinavyoaibisha watu.

Papa Rigobert naye alikuwa amefika kutoka Kasungami na diski nyekundu ndani ya mfuko wa plastiki. Alieleza mpango wake taratibu. Wamebaki na diski moja yenye nakala mpya ya kila kitu, yaani ile ya buluu, na mtu mwenye akili hafanyi kazi na nakala moja. Kwa hiyo kabla ya kuigusa wataifananisha ile nyekundu nayo, ili wawe na mbili zilizo sawa. Nyekundu itafutwa, lakini si neno, ni ya zamani. Ulikuwa mpango mzuri, na mimi ningefanya vilevile. Ubaya wake ni kwamba ulisimama juu ya vema tatu za Dorcelle.

Alimwambia Dorcelle aichomeke ile ya buluu kwenye kompyuta ya mwisho, huku yeye akichomeka nyekundu kwenye kompyuta ya jirani na kufungua programu. Dorcelle aliichomeka. Kwa udadisi tu akafungua folda ya Mama Germaine, akaona vialama vitatu vyenye mshale. Akabofya cha kwanza. Kompyuta ikaandika kwamba faili halipatikani. Akabofya cha pili, na cha tatu. Akafungua folda ya familia nyingine, kisha nyingine. Mishale mitupu. Upande huo akili yake haikuwa na kasoro: alielewa mara moja alichokifanya mwanzoni mwa mwezi, na alielewa pia kwamba vyeti vya kweli vimebaki mahali pamoja tu duniani, katika ile diski nyekundu ambayo Papa Rigobert alikuwa akijiandaa kuifuta.

Hapo ndipo kiburi kilipomnong'oneza. Nyamaza. Mzee atabofya, nyekundu itafanana na buluu, vyeti vitapotea, na wote watailaumu programu ya kijivu. Désiré atacheka, atasema aliwaonya. Daftari lina vema zake, litamtetea. Hakuna hata mmoja atakayejua.

Nimewahi kuona watu wazima, wenye ofisi na mihuri, wakisimama mahali kama hapo na kunyamaza. Dorcelle alitazama benchi. Mama Germaine alikuwa amesimama tayari, amemwegemeza mtoto begani, kwa sababu alisikia Papa Rigobert akisema kwamba kazi inaanza. Alikuwa akinyoosha kola ya blauzi ya watu kwa kiganja. Dorcelle aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

“Papa Rigobert, usifinye,” alisema.

Mzee aligeuka, kidole bado kiko kwenye kitufe.

“Ile ya buluu haina kitu. Iko paka na ma-raccourcis tu. Mi njo nilihamisha badosie, zile folda zote, na sikuambia programu.” Akaonyesha daftari. “Na essai ya Ijumaa sikufanya. Vema yote tatu ya huu mwezi niliandika tu.”

Papa Rigobert aliondoa mkono wake juu ya meza na kuuweka magotini. Mama Émerance alichukua daftari, akatazama zile vema zenye mkia mzuri, moja baada ya nyingine.

“Hii ni mukono yako?” aliuliza.

“Ndiyo, Mama.”

“Na nilikusifu mbele ya bantu.”

Désiré aliangua kicheko, akasema kwamba ngao yake ya kijani isingeruhusu mambo ya kitoto kama hayo. Mama Émerance alimgeukia polepole.

“Hii programu ilifanya yenye baliiambia kufanya,” alisema. “Yako hatujaiona ikirudisha hata karata moja ya harusi. Toka ku mulango, unafunga mwangaza.”

Désiré alitoka na viatu vyake vilivyochongoka. Sitamtaja tena, amepewa mistari mingi kuliko anayostahili.

Walichomoa ile ya buluu, wakachomeka nyekundu kwenye mashine mpya, wakaiamuru irudishe. Folda zilirudi moja moja. Ilipofika ya Mama Germaine, Papa Rigobert aliifungua mwenyewe kwa vidole vyake viwili, na diploma ikajaa kwenye kioo, na muhuri wake, na picha ya msichana mwembamba ambaye ndiye Mama Germaine wa miaka kumi na mbili iliyopita. Waliichapa nakala tatu. Mama Germaine aliziweka kifuani chini ya blauzi, akaondoka bila kumtazama Dorcelle. Kesho yake kabla ya saa sita alikuwa amepata kazi.

Lakini diski nyekundu ilikwenda Kasungami mwanzoni mwa Machi. Familia kumi na moja zilikuwa zimeleta vyeti baada ya hapo, na vya kwao havikurudi. Mama Émerance aliandika majina kumi na moja kwenye karatasi, akampa binti yake. Alimwambia aende kwa kila mmoja kwa miguu yake, aseme kosa ni la nani, na asitumie neno “kompyuta” pale anapopaswa kutumia neno “mimi”. Papa Rigobert alimsindikiza, lakini hakumsaidia kuongea.

Familia tisa bado zilikuwa na simu zao. Walimkaripia, kisha wakampa picha upya. Mbili hazikuwa na kitu tena. Mmoja wa hao alikuwa mzee aliyeitwa Alphonse, ambaye cheti chake cha ndoa ndicho kilikuwa karatasi ya pekee yenye picha ya marehemu mke wake. Alimsikiliza Dorcelle mpaka mwisho, akiwa amekaa kwenye kigoda.

“Kule Goma balichoma na moto,” alisema. “Weye ulichoma na kalamu.”

Akaingia ndani, akafunga mlango. Dorcelle alilia njia nzima ya kurudi, na safari hii hakujali nani anamwona.

Dukani alimkuta Mama Germaine, aliyekuja kuwashukuru. Dorcelle alimsalimu, akamwambia mama yake kwamba anaomba kazi ya Ijumaa apewe mtu mwingine. Kabla Mama Émerance hajajibu, Mama Germaine alimwonyesha nafasi kwenye benchi. Dorcelle akakaa.

“Bantu kama weye tunabajua ku hôpital,” alianza, na sauti yake haikuwa na huruma. “Tulikuwaka na stagiaire mumoja, mwanafunzi wa kazi, mwenye akili sana. Alikuwa anapashwa kupima homa ya batoto, kitanda kwa kitanda. Aliona ile kazi iko ya bajinga. Akaketi, akaandika makumi tatu na saba, kama mutu hana homa: trente-sept, trente-sept, trente-sept, mupaka kitanda ya mwisho. Karatasi yake ilikuwa safi kuliko ya wote. Docteur aliisoma, akaona byote biko bizuri, akapita. Mutoto wa kitanda ya tatu alikuwa na homa ya makumi ine. Alikufa, na karatasi yake inasema trente-sept.”

Dorcelle aliinamisha kichwa.

“Sikia sasa. Kama hauna wakati, ao hauna nguvu, ao uko muvivu, usiandike kitu. Acha nafasi wazi. Nafasi wazi inaita bantu bakuje kuangalia. Vema ya kudanganya inabafukuza, na kule nyuma mugonjwa anakufa yeye peke yake. Weye ulikubali kusema kabla ya kufinya, njo maana batoto yangu batapata nyumba. Lakini usinitafutie sifa juu ya ile. Ulitapika sumu yenye ulikunywisha bantu.”

Mama Émerance alikubaliana na kila neno. Kuhusu kazi ya Ijumaa, alikataa kuigawa. Alisema akimpa mtu mwingine, huyo itabidi aanze kujifunza aibu tangu mwanzo, na duka halina vyeti vya kupoteza mara ya pili.

Ijumaa iliyofuata umeme haukuwepo tangu mchana mpaka duka lilipofungwa. Dorcelle alisubiri mbele ya mashine iliyozimwa, kisha akafungua daftari. Aliandika tarehe, na mbele ya tarehe hakuandika kitu. Jumamosi asubuhi Mama Émerance alifungua daftari lilelile, akaona pale penye weupe, akasimama.

“Dorcelle,” aliita, “hapa haukufanya?”

“Hapana, Mama. Umeme haukukuwa.”

“Basi kuya, tufanye.”

Walikaa pamoja kwa dakika saba, wakarudisha cheti kimoja cha kuzaliwa, wakakisoma chote kuanzia jina mpaka muhuri. Kisha Mama Émerance akampa kalamu.